Kizazi Chenye Pembe Mbili

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni sababu ya kuficha. Nikiona unywele kwenye wali, chakula cha siku hiyo kimekwisha. Maziwa yakifanya utando, naomba mtu mwingine auondoe, tena asiniambie ameutupa wapi. Kwetu walisema ningefaa kuolewa na malaika, kwa kuwa malaika hatoki jasho wala hapengi kamasi. Nikaolewa na karani wa mizigo wa stesheni ya Tabora, mtu mwema, anayekula samaki mpaka macho yake na kunyonya vidole.

Basi Mwenyezi Mungu akaona aniotesheze nyama tumboni.

Nasema nyama kwa kuwa ndivyo alivyosema daktari baadaye. Mwanzoni tulisema mimba. Zilikuwa bado siku za Mwingereza. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, jambo lililowafanya majirani waniheshimu bila kunipenda, na tumbo lilipoanza kujaa walifurahi kuona kwamba hata msichana wa vitabu hushika mimba kama watu wengine. Mimi mwenyewe nilifurahi kuliko wote. Nilishona vifulana. Nilipata na kisingizio kizuri cha kutotoka nyumbani, na kukaa nyumbani ndicho kipaji pekee nilichozaliwa nacho.

Lakini mimba ile ilikuwa na tabia mbaya. Kwanza, haikuzuia damu. Damu ilikuja kama mgeni asiyejua kuaga: inakaa, inalala, inaondoka, kabla hujafagia alipokaa imerudi. Ilitoka na mabonge kama maini ya kuku. Niwie radhi, msomaji, lakini kama mimi niliweza kuyaona, wewe utaweza kuyasoma. Nilifua vitambaa vyangu nimegeuzia uso ukutani, maji mekundu nikayamwaga chini ya mpapai wetu nyuma ya jiko, na tangu hapo sijala papai la mti ule. Mume wangu alikuwa akilisifia utamu.

Pili, haikuzaliwa. Wenzangu walioshika mimba nyuma yangu walizaa, wakanyonyesha, wakaanza kuwapa watoto wao uji. Mimi tumbo liko pale pale, gumu, limeelemea upande mmoja kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka.

Ndipo mama mkwe akaja na treni kutoka Tura.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye mbuzi na ng'ombe, na kule kwake akisifika kwa mikono. Ng'ombe akishindwa kuzaa, wanaume walimwita yeye. Alikunja kitenge, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akamtoa ndama akiwa hai. Mimi nilimwogopa, na niliiogopa zaidi ile mikono. Tena kati yetu kulikuwa na heshima ya mkwe na mkwe. Sikumtazama usoni, na mambo yote ya chini ya shingo hayakutajwa kati yetu. Akitaka kuniambia jambo la mwili alilisemea chungu, au ukuta, nami nikasikia.

Siku ile alilisemea tumbo langu. Alilibonyeza huku na huku, akalikemea: "Wewe, umepanda mgongoni. Shuka!"

Watu wa kwetu wanajua kwamba mimba inaweza kupanda mgongoni ikalala huko miaka. Ya kwangu ilibidi iamshwe. Akatoa kibuyu chenye mizizi iliyorowekwa katika samli ya zamani, samli iliyokwisha kugeuka rangi ya kijani na kuota jambo fulani juu yake ambalo sikulitazama mara mbili. Harufu yake ilikuwa ya beberu aliyenyeshewa. Nilikunywa. Ningekataaje, na kwa mdomo gani, mbele ya mama mkwe? Nilikunywa asubuhi na jioni, nikicheua beberu mchana kutwa, na darasa langu la kumi lilikaa pembeni linanitazama.

Aliyekata mjadala alikuwa jirani yetu, mjane wa Kizaramo aliyeuza maandazi barazani. Babu yake alikuja na misafara ya zamani akaona Tabora panatosha. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi zile babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala katika vijiji vyao. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mchungaji, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Anaweza kumchukua kuku wako akakuachia manyoya. Hata msibani, nyinyi mnalia, yeye anamcheka maiti, na mnamlipa kwa kazi hiyo.

Alitukuta uani, mimi na kibuyu changu, mama mkwe na mume wangu. Akaziba pua kwa upande wa kanga.

"Mtani," akaniambia, "hata tembo angekuwa amekwisha kuzaa na kumpeleka mwanawe kunywa maji. Hiyo si mimba. Umebeba mzigo kama babu zako, ila babu zako walikuwa na akili, wakifika pwani wanatua."

"Nyamaza, mla nazi wewe," akasema mama mkwe. "Unajua nini habari za kuzaa? Kazi yenu kucheza ngoma."

"Tunacheza kwa sababu hatuna mizigo, mpagazi wangu. Nawe baba," akamgeukia mume wangu, "treni ikileta shehena imeoza, unaipokea hivyo hivyo? Si unaita mkaguzi? Mpeleke mkeo hospitali."

Mume wangu akacheka, kisha nikaona machozi. Alikuwa akiogopa muda mrefu na hakuwa na wa kumwambia. Kesho yake tukaenda.

Sitaeleza yote ya hospitali. Nitasema tu kwamba palinuka dawa ya kusafishia sakafu na kile ambacho dawa ya sakafu haikuweza kukiondoa. Daktari alikuwa mama wa Kizungu mwenye mikono ya baridi na Kiswahili cha mashamba ya Wazungu. Aliniingiza mikono hiyo nisikotaka kusema, huku akitazama dirishani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akanawa, akatuita mimi na mume wangu.

"Hapana mtoto," akasema. "Nyama. Nyama mingi ya bure naota katika mfuko ya mtoto."

Mume wangu akauliza kama zinaweza kutoka.

"Iko njia mbili. Moja rahisi: mimi nakata mfuko yote, natupa, bibi napona, hapana zaa. Ingine: mimi natoa nyama moja moja, nashona mfuko, nabakisha. Hii damu nakwenda mingi sana. Kama ndugu natoa damu, mimi najaribu. Kama damu hapana, mimi nafungua, naona hatari, nakata yote. Mimi hapana taka yeye kufa."

Kwa hiyo kizazi changu kilikuwa kinaning'inia kwenye chupa ya damu ya mtu mwingine. Nilipofikiria damu ya mtu, ya moto, inaingia mkononi mwangu, niliupangusa mkono kwenye kanga kabla hawajautia kitu. Lakini nilitaka kizazi changu. Nilikuwa nimeshona vifulana.

Mume wangu akatoa mkono wake palepale. Wakamchoma, wakachanganya matone kwenye kioo, wakasema damu yake na yangu hazipatani. Mama mkwe yeye hakutaka hata kusogea mlangoni. Siku zile kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyenyonywa damu na mumiani. "Damu yangu iuzwe?" akauambia ukuta wa hospitali. "Leo chupa, kesho ndoo. Nitakufa na damu yangu yote, nirudi kwa Mungu kama nilivyotoka."

Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa mbali. Akabaki mtani. Alikuja na kikapu chake cha maandazi, akaketi kwenye benchi, akanyoosha mkono kama anayepimwa bangili. Wakaipima damu yake, ikapatana na yangu. Alicheka mpaka muuguzi akamwomba atulie.

"Umekwisha, mtani! Nikikupa damu hii nitakudai mpaka kaburini. Utapika, nitakula. Utalala, nitakuamsha. Haya, toeni, ila mjue ina nazi ndani yake."

Sikumshukuru. Mtani hashukuriwi. Nilimwambia damu yake ikinifundisha kukata mauno kanisani, nitamshtaki kwa wazee.

Kabla ya kupasuliwa walininyoa kwa wembe ulioonekana umekwisha kufanya kazi nyingi. Wakanitia maji ya sabuni kwa mpira, kule, na kilichofuata nitakwenda nacho kaburini. Nusu kaputi ilinuka kama matunda yaliyovunda ndani ya kabati. Nilianza kuomba Baba Yetu, na nafikiri nilifika kwenye mkate wa kila siku nikakumbuka samli.

Niliamka natapika. Mshono ulinivuta kila nilipotapika, nikalia, nikatapika kwa kulia. Muuguzi akaniambia kizazi kipo. Nikalala.

Asubuhi yake daktari akaja na beseni la enameli limefunikwa kitambaa. Nyuma yake mume wangu, mama mkwe na mtani. Daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kuchimba viazi. Alitaka jamaa waone wenyewe kwamba alichotoa ni nyama tu. Akafunua.

Zilikuwa nyeupe zenye ukijivu, za mviringo, zinateleza katika maji yake ya rangi ya uji wa ulezi. Nyingine ndogo kama kunde, nyingine kama korodani za fahali. Bonge kubwa kuliko yote lilikuwa limegawanyika juu, lina ncha mbili zilizojikunja. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyashonea vifulana. Nikafumba macho, lakini tayari nilikuwa nimeona, na kwa mtu kama mimi kuona ni sawasawa na kula.

Niliposikia maji yakichezwa nikafumbua. Mama mkwe alikuwa amekunja mkono wa gauni. Akatia mkono kwenye beseni, akalitoa lile kubwa, akalibinya, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye zile ncha. Kisha akauambia mto wangu:

"Hiki hapa. Chenye pembe mbili. Nimepasua mbuzi tangu usichana wangu, nimepasua ng'ombe, na kizazi ninakijua. Kina pembe mbili. Wamekitoa."

"Hapana, mama!" akasema daktari. "Mfuko iko ndani! Mfuko ya mtu hapana pembe." Akachora kwa kidole juu ya shuka yangu umbo la kibuyu kidogo kilichopinduliwa.

"Kibuyu?" akasema mama mkwe, sasa akiliambia dirisha. "Huyu Mzungu anasema mkwe wangu ana kibuyu tumboni."

Mume wangu akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Naye alikuwa na haki. Lakini shuleni kwetu tulifundishwa sehemu za ua na kumpasua chura, na siku ya chura mimi nilianguka nikazirai. Kuhusu ua la mbilingani ningeweza kumjibu mama mkwe bila kusita. Kuhusu mimi mwenyewe, sikufundishwa kitu. Nikaangalia lile lenye pembe, na hofu ikaniingia.

Kisha mama mkwe akajipangusa mkono kwenye kanga, mpanguso mmoja tu, akachukua kikombe cha uji, akaonja joto lake kwa kidole. Kidole kile kile. Akaniinua kichwa, akaninywesha. Nilimeza. Nimemeza mambo mengi duniani, lakini uji ule bado haujashuka.

Akarudi Tura. Mimi nikarudi nyumbani na mshono uliotoa usaha wa manjano upande mmoja. Mume wangu aliusafisha kila jioni akirudi kazini, na hakukunja uso hata mara moja. Mimi ndiye niliyekunja uso kwa ajili yetu wawili. Daktari alisema tungoje: siku zangu zikirudi kama za wanawake wengine, basi kila mtu atajua kizazi kipo. Tukangoja. Mwezi ukaandama, hakuna kitu. Ukaandama mwingine, hakuna. Kinyaa changu chote kilikuwa cha damu, na sasa nilikuwa mtu wa kwenda chooni kila saa kuitafuta.

Jioni moja mume wangu alikula kidogo, na samaki alibaki mzima, macho na yote.

"Mama ameleta salamu na gadi wa treni," akasema.

"Amesema nini?"

"Amesema hajambo."

"Na nini tena?"

Akachokoa samaki. "Amesema kuna watu wana binti. Watu wazuri. Wana ng'ombe. Amesema nisikuache, wewe ni mtu mwema, ila yeye apate mjukuu."

"Wewe umesemaje?"

"Nimesema tungoje daktari. Amesema daktari ndiye mwizi mwenyewe." Akanitazama. "Mimi sitaki, mke wangu. Lakini nitamwambia nini? Anasema amekishika kwa mkono wake."

Nilielewa. Mimi sikuweza kumwambia mama yake neno lolote la chini ya shingo. Yeye mtoto wa kiume hakuweza kumtajia mama yake siku za mkewe. Angalau mimi ningeweza kuuambia ukuta, na ukuta wa Tura ulikuwa mbali.

Damu ilikuja asubuhi, nikipepeta unga. Nilihisi, nikaacha ungo, nikakimbia. Ilikuwa kidogo, nyekundu, bila mabonge. Nikakaa chooni, penye inzi na harufu zote ambazo kwa kawaida hunifukuza kabla sijamaliza haja yangu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikaona kitambaa, nikakumbuka mimi ni nani, nikasikia kichefuchefu, nikaendelea kucheka.

Nikampigia mtani kelele kupitia uani. Akaja na mwiko wa maandazi mkononi.

"Imekuja," nikamwambia.

"Lete."

"Nilete nini?"

"Kitambaa. Usikifue."

Nilidhani masikio yangu yameharibika. "Mtani, una wazimu?"

"Mama mkwe wako amekishika kizazi kwa mkono wake, au sivyo anavyosema? Basi maneno hatayasikia. Lazima ashike tena. Wewe huwezi, mumeo hawezi. Mimi mtani wake, naweza kumpeleka hata choo chenu kizima. Lete."

"Sikupi. Afadhali nife."

"Haa! Ile damu niliyotoa hospitali ilikwenda wapi? Si ndiyo hiyo? Mali yangu, mtani. Nimekukopesha, inarudi. Utanidhulumu?"

Nikampa, kimefungwa kwenye gazeti la zamani, nimekishika kwa ncha za vidole na kuangalia juu. Akakitia kikapuni. Katika kikapu cha maandazi, upande mmoja, na maandazi upande mwingine.

"Si pamoja!" nikapiga kelele.

"Abiria nao wale," akasema, akaenda zake stesheni kupanda treni ya Tura.

Usiku ule sikulala, na mume wangu hakuthubutu kuuliza kwa nini. Kesho yake mtani akarudi na treni ya kutoka Dar es Salaam, kikapu kimejaa, uso umejaa. Akakaa jikoni kwangu bila kukaribishwa.

"Nimemkuta mpagazi wangu amekaa na wazee wa yule binti," akaanza. "Wanakula. Nikaingia bila hodi, nikamwamkia kwa kilugha chenu, mwangaluka, mayu, nikasema nimeleta shehena yako. Nikafungua gazeti hapo mkekani, kando ya ugali."

"Kando ya ugali!"

"Nikamwambia: kizazi gani hiki kimeibwa Tabora na bado kinalia? Wale wazee wakainuka mikono ina mboga. Yeye akasogeza sahani ya mboga. Akakichukua. Akakiangalia kwenye mwanga." Mtani akapunguza sauti. "Akakinusa."

Nikashika ukingo wa jiko.

"Akasema: 'Hii si ya kidonda. Hii ni ya mwezi.' Kisha akataka kunikasirikia, akakumbuka mimi mtani, akaishia kucheka. Amecheka mpaka amelala chini, mtani! Wale wazee wakaaga hata maji ya kunawa hawakungoja. Habari ya binti imekwisha. Nani atatoa binti kwenye nyumba yenye wageni kama mimi?"

Nikakaa chini sakafuni. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote, akawa anafuta miwani yake kwa shati na kuivaa na kuifuta tena.

"Amechinja mbuzi," mtani akaendelea, akifungua majani kikapuni. "Paja hili ule wewe, si mwanawe, amesema nisisitize. Na hiki hapa, cha mbuzi huyo huyo, amesema ukitazame vizuri, ili ujue yeye si mjinga, alikuwa na sababu."

Akakiweka mbele yangu juu ya sahani, sahani yangu yenye maua, niliyoletewa siku ya harusi. Kilikuwa na rangi ya waridi iliyochujuka, kinateleza, kina ute, kimelowa bado. Kina pembe mbili kweli, zimejikunja kama za beberu mdogo. Nikakitazama kama nilivyoagizwa. Mama mkwe hakukosea kuhusu mbuzi.

Kisha inzi akatua juu ya pembe moja, nikatoka mbio mpaka kwenye mpapai.

"Vipi tena?" mume wangu akauliza, akinifuata na kopo la maji. "Mshono?"

"Mwache atapike, baba," akasema mtani kutoka jikoni, tayari anakata paja. "Peleka salamu Tura na treni ya jioni. Mwambie mama yako, mkwewe ameanza kutapika."

Na mume wangu, mtu wa stesheni, akatazama saa.